Bastola Ipi Inakufaa? Anza na Mkono Wako

Ukitaja bastola hapa Kenya, jina la kwanza kumtoka mtu ni Ceska. Miaka nenda miaka rudi tumesikia kwenye taarifa ya habari "bastola aina ya Ceska", basi mtu akikubaliwa leseni anaingia dukani akiwa ameshachagua. Mimi hununua mahindi na viazi Molo, Elburgon na Mau Narok nikaviuza Nakuru, na msimu wa mavuno natembea na pesa taslimu kwenye barabara zisizo na watu. Ndiyo maana niliomba leseni. Ninachotaka kuwaambia wenzangu, hasa akina mama, ni kwamba jina la bastola liwe swali la mwisho.

La kwanza ni mkono. Mwalimu wangu wa shabaha ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache. Alipanga bastola kadhaa mezani, akazifungua moja moja nijionee chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, ndipo akaniruhusu kuzishika. Nilianza na CZ 75, ndiyo hiyo Ceska ya miaka yote. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja hata kabla ya kutia risasi, na uzito huo una faida: ukifyatua, mkono haurushwi sana. Lakini nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke, ikiwa chini, triga ya risasi ya kwanza ni ndefu na nzito. Kidole changu kiliigusa kwa ncha tu.

"Afande, mbona hapa kidole hakifiki?"

"Huo mpini si wako, mama. Usiulazimishe."

Kidole kisipokaa sawa kwenye triga, ukivuta unasukuma mtutu kando na risasi inakwenda pembeni. Na sokoni, hapo pembeni pamesimama mtoto wa mtu. Jambo hili nalichukulia kwa uzito kuliko sifa yoyote ya bastola.

Beretta 92, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985, ilinishinda zaidi kwa unene wa mpini. Iliyokaa mkononi ni Glock 19. Uzito wa triga ni ule ule tangu risasi ya kwanza hadi ya kumi na tano, na kuanzia toleo la nne mgongo wa mpini unaongezwa au kupunguzwa. Mimi niliuacha bila kipande chochote cha nyongeza.

Sasa hapa ndipo watu hukimbia haraka. Glock haina sefti ya kubofya kwa kidole gumba. Kinga yake ya nje ni kiwenzo kidogo kilichopachikwa kwenye triga yenyewe. Kwa hiyo ala ni sehemu ya bastola. Lazima iwe ngumu, ifunike triga yote, na ishikwe na mshipi usiolegea. Nimeshauriwa na wanawake wengi nibebe kwenye mkoba. Siwezi. Mkoba una funguo, kalamu na simu, vitu vinavyoweza kuingia penye triga. Isitoshe, nikifika kwenye mizani mkoba nauweka juu ya gunia ili nihesabu magunia, na anayepora huanza na mkoba. Siku za soko navaa suruali na mshipi wa ngozi nene, koti juu, basi. Kabla ya kununua, keti na bastola tupu kwenye ala, ndani ya gari, mkanda umefungwa. Ikikuchoma kiunoni, utaanza kuiacha kwenye gari, na silaha iliyoachwa kwenye gari umemwekea mwizi.

Risasi nazo: chukua bastola ya 9mm. Ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na hata kiwanda cha serikali kule Eldoret huzitengeneza. Bastola ya kaliba adimu, yaani ya ukubwa wa risasi usiopatikana kirahisi, itakunyima mazoezi, na bila mazoezi afadhali usiwe nayo kabisa. Kumbuka pia kwamba cheti cha silaha huandikwa kwa bastola maalumu. Huwezi kubadilishana na jirani kama jembe.

Dada yangu wa Kisumu ameanza safari hiyo hiyo ya leseni na anataka kununua kama yangu. Nimemkataza kuamua kabla hajazishika. Vidole vyake ni virefu, triga ya Ceska ingemkaa vizuri, ila yeye ni mtu wa kushoto na sefti ya CZ 75 ya kawaida iko upande wa gumba la kulia. Nimemwambia ajaribu P-07 ya kampuni hiyo hiyo, ambayo wenzo wake uko pande zote mbili, kisha Glock ya toleo la tano, ambayo kishikizo cha slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua, kiko kulia na kushoto. Atachagua mwenyewe, mbele ya mwalimu.