Vitabu Vilivyofungwa kwa Kufuli Lisilo Letu

Mwezi Julai 2009, wateja wa Amazon waliokuwa wamelipia vitabu viwili vya George Orwell, Animal Farm na 1984, walifungua Kindle, vifaa vyao vya kusomea vitabu vya kidijitali, wakakuta vitabu hivyo havipo. Aliyeviingiza dukani hakuwa na haki ya kuviuza, hivyo kampuni ilivifuta kutoka mbali na kuwarudishia wateja fedha zao. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisoma 1984 alibaki na maelezo aliyokuwa ameyaandika, ila kurasa alizokuwa akizieleza zilikuwa zimeondoka. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani. Nakubali kwamba ukiukaji wa hakimiliki ulipaswa kurekebishwa. Linalonisumbua ni kwamba muuzaji alikuwa na uwezo wa kuingia kwenye maktaba ya mnunuzi na kuchukua kitu bila hodi.

Kitabu cha karatasi ukishakilipia unaweza kumwazima jirani, kumrithisha mtoto au kukiuza, na mahakama ya juu ya Marekani iliamua tangu mwaka 1908 kwamba mchapishaji hawezi kumpangia mtu bei ya kukiuzia tena. Kitabu cha kidijitali kilichofungwa kwa kufuli, yaani programu inayozuia kukinakili au kukifungua bila idhini ya muuzaji, huja na leseni tu, ambayo ni ruhusa ya kukitumia, na leseni hiyo huishi kwenye seva ya mtu mwingine. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilivyonunuliwa humo vilikoma kusomeka mwezi Julai, pamoja na vile ambavyo wenyewe walikuwa hawajavimaliza. Fedha zilirudishwa, na walioandika maelezo pembeni mwa kurasa waliongezewa dola 25, lakini msomaji hakuulizwa kama angependa kubaki na kitabu.

Wanaoyatetea makufuli haya husema yanawalinda waandishi na wanamuziki dhidi ya wizi, na mimi sitaki msanii alale njaa. Hata hivyo, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alieleza katika barua yake ya Februari 2007 kwamba mwaka uliotangulia maduka ya mtandaoni yaliuza nyimbo zisizofikia bilioni 2 zikiwa zimefungwa, ilhali kampuni zilezile za muziki ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli lolote. Mwizi alikuwa na mlango wazi. Aliyezuiwa ni yule aliyelipa. Mwaka 2009 Apple iliyaondoa makufuli kwenye nyimbo ilizouza, na biashara ya muziki haikufa. Filamu na vitabu vingi havikupata bahati hiyo, na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kulivunja kufuli hata kwa kitu ulichokilipia, isipokuwa kwa misamaha michache inayopitiwa upya kila miaka mitatu.

Kusikiliza muziki kwa malipo ya mwezi sina ugomvi nako, kwa kuwa huko ni kukodi na kila mtu anajua hivyo. Lakini wimbo uliopakuliwa ndani ya programu hizo hunyamaza usajili unapoisha, ilhali faili iliyo wazi hucheza hata bando likiisha. Kinachoudhi ni kukodishwa kitu kwa jina la kuuziwa, na ndiyo maana naiona sheria ya California iliyoanza kutumika Januari 2025 kuwa ya haki: muuzaji anayetoa leseni tu lazima amweleze mteja hivyo waziwazi.

Kwa upande wangu, muziki ninaoupenda naununua kwenye maduka kama Bandcamp yanayotoa faili zisizofungwa, naunakili kwenye diski mbili, na diski moja naihifadhi kwa ndugu. Kitabu kisichopatikana bila kufuli nakitafuta cha karatasi. Ugumu uko kwa wasanii na wachapishaji wetu wa Afrika Mashariki, kwa sababu albamu nyingi mpya hutolewa kwenye majukwaa ya kukodi peke yake, na shabiki mwenye fedha mkononi hana pa kuzipeleka. Nawaomba watuuzie faili zilizo wazi, kwa bei wanayoiona inawafaa, hata kwa malipo ya simu moja kwa moja.