Ukipewa picha ya gari la majaribio usianze na umbo

Kuna watu wakiona picha ya gari la zamani wanataja jina hata kabla hawajaikuza, "hiyo si Land Rover Siriz Wani hiyo", yaani toleo la kwanza, imeisha. Mi naona utamu wote unapotea hapo. Magari ya majaribio, yale ambayo kiwanda kinaunda machache kwa mkono kabla ya kuanza kuyatoa kwa wingi, kwa mbali yanafanana sana na yale yaliyokuja kuuzwa, kwa hiyo umbo halikufikishi popote, kinachokusaidia ni vile vitu vidogo ambavyo kiwanda kilikuwa bado hakijaamua vikae vipi.

Chukua hiyohiyo Land Rover, maana albamu za wazee wetu zimejaa. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitaka gari la shambani, wakachukua chesisi ya Jeep wakajenga juu yake na usukani wakauweka katikati kabisa, ili wasihangaike na gari la nchi za kulia na gari la nchi za kushoto. Lile gari halipo tena, tunalijua kwa picha tu. Mwaka uliofuata wakaunda 48 za majaribio, hizi usukani umeshahamia pembeni, na gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maarufu kuliko zote katika hizo 48 ni ile yenye pleti namba HUE 166, herufi UE zilikuwa za Warwickshire kule Uingereza, eneo la kiwanda chenyewe cha Solihull, na ndo maana mi pleti namba naisoma kabla ya kitu kingine chochote.

Pleti inakwambia na jambo lingine, kama picha imegeuzwa, maana herufi zake zitasomeka kinyume. Zamani watu walichapa negativu kinyume bila kujua, gari la usukani wa kulia linatokea la kushoto, halafu mtu anaanza kutangaza kapata gari adimu. Kama pleti haionekani angalia vifungo vya shati la mwanaume aliyesimama pembeni, shati la kiume upande wa kushoto wake ndo unalala juu, ukiona kinyume basi picha imegeuka. Usukani wa katikati peke yake ndo haubadiliki hata ukiigeuza picha mara ngapi.

Baada ya hapo chukua rula. Ukipata picha iliyopigwa ubavuni kabisa, pima kipenyo cha tairi halafu pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Land Rover za mwanzo zilikuwa inchi 80 na tairi zake zilikuwa na kipenyo kama inchi 28 hivi, kwa hiyo zinaingia karibu tairi tatu lakini hazitimii. Zikifika tatu na ushee hilo ni refu, limekuja baadaye, usipoteze muda. Kisha njoo kwenye taa. Mpaka mwaka 1950 taa zilikaa nyuma ya shoo ya waya, ile grili ya mbele, waya unapita mbele ya kioo cha taa, baada ya hapo zikatolewa nje ya waya, na mwishoni mwa miaka ya 60 zikahamia kwenye madigadi. Ubavu wa bodi ukiwa na lile bega lililotuna, hiyo ni Siriz Tuu, toleo la pili, mwaka 1958 kuja huku.

Sasa tatizo la kwetu ni gereji. Land Rover iliyofanya kazi miaka 30 imebadilishwa shoo, imebadilishwa milango, bodi la nyuma limegongwa upya na fundi, na fundi mzuri anatengeneza bati la mkono kama walivyotengeneza wale wa Solihull, kwa hiyo kitu cha ajabu kimoja kwenye picha hakithibitishi chochote. Mi nataka vitu vitatu vinavyokubaliana, na angalau kimoja kiwe kitu ambacho fundi asingekuwa na sababu ya kukigusa.

Citroën inaonyesha hili vizuri sana. Lile gari dogo la hiyo kampuni ya Ufaransa, 2CV, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa na magari ya majaribio yaliyoitwa TPV, yalikuwa yatolewe kwenye maonyesho ya Paris Oktoba 1939, vita ikaingia, mengi yakaharibiwa na machache yakafichwa, na miaka ya 90 matatu yakakutwa juu ya dari ya ghala kule La Ferté-Vidame kwenye uwanja wao wa majaribio. TPV ina taa moja tu mbele, upande wa dereva. Lakini 2CV ya kawaida iliyogongwa nayo inaweza kubaki na taa moja! Kwa hiyo kuza picha uangalie upande wa pili, kama kuna tundu la skrubu, kibanio au waya unaoning'inia. Kukiwa safi kabisa, hapo moyo unaanza kudunda.

Range Rover, ndugu yake Land Rover, ndo inadanganya wengi zaidi. Zile za majaribio 26 za mwaka 1969 na 1970 ziliandikwa VELAR kwenye boneti kuficha jina. Herufi yeyote anaweza kubandika, na tangu 2017 kuna gari jipya linalouzwa kwa jina hilohilo, kwa hiyo mi narudi kwenye pleti, zile zilisajiliwa YVB, namba, halafu H, na hiyo H ya mwisho ni ya Agosti 1969 hadi Julai 1970, kabla na mara tu baada ya gari kuzinduliwa Juni 1970. Milango miwili isikushawishi, ya kwanza zote zilikuwa hivyo mpaka 1981.

Na kuna mahali picha inaishia. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mojawapo ya zile Land Rover zilizosimama Amsterdam 1948 imepatikana kwenye bustani ya nyumba, maili chache tu kutoka Solihull ilikoundwa. Kuithibitisha ilibidi waingie kwenye nyaraka za kiwanda na waikague yenyewe, bodi lake la alumini nene kuliko kawaida, bodi la nyuma linalotoka, chesisi iliyopakwa zinki. Unene wa bati huwezi kuupima kwenye picha.

Kwa hiyo ukiwa na picha ya babu amesimama na gari usilolielewa, iskani yote bila kukata pembeni, uskani na mgongo wake, maana huko ndo kuna muhuri wa studio na tarehe, na kama kuna picha nyingine za siku ileile zitume zote pamoja kwa unayemuuliza, hata zile ambazo gari limeonekana tairi tu.