Nilivyohama klabu ya gofu na nikakubaliwa kuchezea timu mpya

Naandika hii kwa sababu kila msimu wa mechi za klabu kwa klabu ukikaribia lazima mtu aniulize, mimi nimehama klabu, je timu naweza kucheza? Na kabla anifikie huwa ameshapewa jibu pale kaunta, "wewe cheza tu bana, si handikepu yako iko kwa sistimu." Hapana jamani. Handikepu yako (ile namba ya mikwaju unayopunguziwa ili ushindane sawa na aliye bora kukuliko) kuwa kwa sistimu ni jambo moja, na wewe kuwa na haki ya kuvaa tisheti ya klabu ni jambo lingine kabisa.

Mimi nilikuwa mwanachama wa klabu moja upande wa Thika, kazi ikanihamisha upande ule mwingine wa Nairobi, na mwenye anajua hizo barabara Jumamosi asubuhi hahitaji maelezo, unatoka nyumbani bado giza ndio ufike tii ya kwanza, pale pa kuanzia mchezo, bila kukimbia. Nikaomba uanachama klabu ya karibu. Hiyo nayo ni safari yake, utafute wa kukupendekeza na wa kumuunga mkono, jina libandikwe kwa ubao wenye klabu wakusome, kamati ikuite ikuulize maswali, halafu pesa ya kuingia (hapo tusikae sana). Nikakubaliwa, lakini msimu wa timu ulikuwa mlangoni. Kapteni mpya alikuwa ameniona nikicheza kama mgeni akaniambia nimekuweka kwa timu. Kapteni wa zamani naye alikuwa ameshatuma orodha yake na jina langu limo, manake mimi sikuwa nimejiondoa kule, nilibaki mwanachama maana marafiki zangu wote wako kule na moyo haukuwa tayari. Kwa hivyo shindano moja, klabu mbili zinanihesabu.

Nilianza na handikepu kwa sababu ndiyo rahisi. Tangu WHS, ule mfumo wa handikepu wa dunia, uanze 2020 indeksi yako, yaani namba yako ya handikepu kabla ya kupimwa na uwanja, ni yako wewe mwenyewe, si ya klabu. Inatoka kwa alama zako 8 bora kati ya 20 za mwisho, na ukihama rekodi yote inakufuata, hakuna kuanza upya na kadi tatu za alama kama mtu ambaye hajawahi kushika fimbo. Kitu kinachobadilika ni klabu ya nyumbani, yaani ile ambayo kamati yake inasimamia indeksi yako, inaweza kuipandisha au kuishusha ikiona haifanani na mchezo wako. Ukiwa na uanachama mara mbili lazima moja iwe ndiyo ya nyumbani, na mwongozo wa WHS unataka uangalie mambo ya maana, wapi ni karibu na unakoishi, wapi unacheza mara nyingi, wapi kadi zako nyingi zinaingia. Sio uchague pale ambapo unajua watakuhurumia. Mimi nikaenda ofisi ya gofu ya klabu mpya, nikamwambia dada wa pale nataka mhamishe, akaomba nithibitishe kwa maandishi na klabu ya zamani ijulishwe, ikafanyika bila kelele. Nilimwomba anipigie picha ya ukurasa ukionyesha jina la klabu na tarehe ya mabadiliko. Ile picha ilikuja kunisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Sasa timu. Watu wengi wanatafuta jibu kwa kitabu cha sheria za gofu na hawalipati, kwa sababu halimo. Kitabu kinamwachia mwandaaji aseme nani anaruhusiwa, na anasema kwa ile karatasi ya masharti ya shindano. Kanuni ya 24 ya mashindano ya timu inakuambia jinsi timu inavyocheza, haikuambii timu ni ya nani. Ndio maana ligi hii inaweza kukukubali na ile ikakukataa wiki hiyohiyo na zote ziko sawa.

Nikaomba hiyo karatasi. Kapteni mpya hakuwa nayo, alikuwa na skrinshoti ya nusu ya ukurasa kwa grup ya WhatsApp. Nikaipata nzima kwa sekretari, PDF, nikaisoma na kalamu. Ilitaka mchezaji awe mwanachama kamili mwenye haki ya kucheza, kwa hivyo wale wa muda na wale wa kijamii wanaokuja kula nyama choma tu hawahesabiki. Ikataka klabu anayochezea iwe ndiyo ya nyumbani kwa handikepu kufikia siku ya kufunga orodha. Na ikasema mtu aliyeshachezea klabu nyingine kwa shindano hilo msimu huo hawezi kugeuka. Hapo ni kama mpira, ukishachezea timu moja kwenye kombe, hata ukisajiliwa kwingine dirisha likiwa wazi, kombe hilo utalitazama kwa TV.

Mbili za kwanza nilikuwa nimepita. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na shimo, maana haikusema lolote kuhusu mtu kama mimi, aliyetajwa kwa orodha ya klabu ya zamani lakini hajapiga hata mpira mmoja. Kapteni mpya akasema hiyo haihesabiki, twende. Rafiki mmoja ambaye ni refarii wa gofu akaniambia inaweza kuhesabika na ukikaa ukibishana na rafiki kuhusu kanuni ambayo haijaandikwa mtafika Krismasi. Anayeamua ni kamati ya shindano peke yake.

Na sikutaka kubahatisha kwa sababu ya kanuni moja ambayo wengi hawaijui, 20.2e. Ikigundulika mchezaji hakuwa na sifa ya kuingia shindano, kamati haina ukomo wa muda wa kurekebisha matokeo. Hata kama kombe lilishatolewa na picha zimepigwa. Anahesabiwa kama hakuwahi kuingia kabisa, matokeo yanapangwa upya. Makosa mengine mengi ya gofu yakishapita shindano likafungwa yamepita, hili halipiti. Hebu fikiria wenzako wamepambana wikendi nzima halafu wiki tatu baadaye pointi yako inafutwa kwa sababu ya tarehe. Mimi hiyo aibu siitaki.

Kwa hivyo tukaandika imeili. Nasema tukaandika kwa sababu niliomba itoke kwa sekretari wa klabu mpya, kamati nyingi zinajibu klabu haraka kuliko zinavyojibu mtu binafsi, na makapteni wote wawili wakawekwa kwa nakala ili asiwepo wa kusema hakujua. Ilikuwa fupi hivi: "Mchezaji huyu ni mwanachama wetu kamili tangu tarehe hii. Klabu yake ya nyumbani kwa handikepu ni sisi, ushahidi umeambatishwa. Bado ni mwanachama wa klabu ile nyingine na jina lake liko kwa orodha yao ya mwanzo. Hajacheza mechi yoyote ya shindano hili msimu huu. Kwa sharti namba fulani, je tunaweza kumsajili, na kuanzia raundi gani?" Hakuna hadithi ya trafiki wala kuhama nyumba, hayo kamati hayaihusu. Ukiwauliza swali la ndio au hapana na ukawatajia namba ya sharti wanajibu, ukiwaandikia barua ya mapenzi inakaa hapo.

Kabla haijatumwa nilimpigia kapteni wa zamani simu mwenyewe. Hii usiiache kwa barua, mzee amekulea kwa timu yake miaka, atajua kwa nakala ya imeili? Nikamwambia kapteni naona nikuambie mimi mwenyewe kabla usikie kwa watu, nimehamisha handikepu. Akanyamaza kidogo, akasema sawa kijana wangu, lakini siku tukikutana usitegemee nikupe pati hata ya inchi sita, yaani lile pigo fupi la mwisho hataniachia bila kulipiga. Na barua ya kuniondoa kwa orodha akaiandika yeye mwenyewe.

Jibu likaja. Kutajwa bila kucheza si kuwakilisha, kwa hivyo niko huru, ila klabu ya zamani iniondoe kwa maandishi kwanza, na orodha ya klabu mpya ilishafungwa kwa raundi ya kwanza, nitaongezwa pale marekebisho yanapofunguliwa baada ya hapo. Yaani raundi ya kwanza nje. Kapteni mpya alikasirika kidogo, akataka tukate rufaa, nikamwambia mzee hii tumeshinda, tuache.

Raundi hiyo nilibeba begi la mchezaji wetu mmoja, nikawa kedi wake. Masharti hayakumkataza mwanachama asiye kwa orodha kuwa kedi, na hilo nililiuliza pia, kwa sababu kwa gofu ushauri unaruhusiwa kupokea kwa kedi wako na mwenzako mnayecheza upande mmoja, sio kwa mtu anayetembea kando ya kamba. Waandaaji wakitaka wanaweza kuruhusu timu iwe na mshauri wake anayetajwa mapema, hapa hawakuwa wameruhusu. Kwa hivyo ili niwe na mdomo ilibidi niwe na begi mgongoni. Makedi wa klabu walinicheka sana, eti nimebeba kama mtu anahama nyumba. Kwa grini moja, pale penye shimo, mchezaji wangu akaniita nimsomee pati, nikachuchumaa nyuma ya mpira, nikamwambia inaenda kulia, upana wa kikombe kimoja, halafu nikatoka pale kabla hajasimama kupiga, maana tangu 2019 kedi haruhusiwi kukaa kwa ule mstari nyuma ya mpira wakati mchezaji anaanza kusimama. Mpinzani alikuwa ananiangalia miguu, naye alijua kanuni. Pati iliingia.

Raundi iliyofuata nikacheza, na hapo nakupa kitu kingine cha kuangalia ukihama, mikwaju unayopunguziwa. Indeksi ni ileile lakini uwanja ni mwingine. Unazidisha indeksi kwa slopu ya tii unazochezea (namba ya ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida), unagawa kwa 113, ambayo ndiyo slopu ya wastani, halafu unaongeza kosi reiting (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari) ukitoa pari (mikwaju uwanja umepangiwa). Tuseme una 14.2, slopu ni 128, reiting 71.4 na pari 72, unapata 15. Uwanja mwepesi utapewa 13. Na mkicheza wawili kwa mpira mmoja, kwa mechi hiyo ni nusu ya jumla yenu, kwa hivyo mpangaji wa timu anataka kujua namba yako kwa uwanja wa siku hiyo, sio ile ya klabu ya zamani unayoikumbuka.

Msimu huohuo kulikuwa na shindano lingine dogo la timu, na karatasi yake ilitaka uanachama tu, hakuna neno la klabu ya nyumbani, kwa hivyo kule ningeweza kuchezea klabu yoyote kati ya hizo mbili. Kapteni wa zamani akanipigia yeye mwenyewe. Nikamtumia sekretari masharti, akathibitisha kwa maandishi, nikawachezea kule nikiwa namba sita, nikapigwa 2 na 1, yaani nyuma kwa mashimo mawili na limebaki moja tu.