Vipande vitatu vya mti kutoka Mtera, na jinsi nilivyoviunganisha

Usiku wa kuamkia Jumapili nilisikia kishindo sebuleni. Nilipowasha taa nikaona tawi kubwa, moja kati ya matatu niliyokuwa nimeyagandisha kwa gundi ya silikoni, limeng'oka na kuibuka juu ya maji, ncha yake ikigonga kioo kila pampu inapolisukuma. Tangi langu la samaki lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45. Hizo ni takribani lita 160, yaani kilo 160 za maji, katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili anayelala chumba cha pili. Nililitoa tawi, nikapapasa kioo kwa vidole kutafuta ufa, nikamshukuru Mungu sikuupata.

Miti yenyewe niliitoa Mtera. Bwawa lile la njia ya Iringa lilipojazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilimeza pori likiwa na miti yake, na hadi leo maji yakishuka kiangazi mizizi na matawi hubaki ukingoni, yamekaushwa na jua mpaka yakawa meupe kama mifupa. Nilimwamkia mzee mmoja mvuvi, nikamweleza shida yangu. Alishangaa kidogo kuona mtu ametoka Dodoma mjini, zaidi ya kilomita 100, kufuata kuni asizokusudia kupikia, lakini akanipeleka mwenyewe penye mizizi mizuri. Nilichagua vipande vitatu vilivyopindapinda, vigumu, visivyo na gome wala harufu yoyote, nikiwa na picha kichwani ya shina moja la mgunga lililoinama juu ya maji.

Hapo nigusie jambo. Jirani yangu alitaka kutumia matawi makavu ya minyaa ya uani kwake, kwa sababu yana umbo zuri na hayagharimu kitu. Nilimsihi aache. Utomvu wa minyaa unaweza kumpofusha mtu ukimwingia machoni. Mti wa namna hiyo sitauweka ndani ya maji wanamopumulia samaki, hata ukae juani miaka mingapi.

Niliviloweka vipande vyangu ndani ya pipa kwa wiki tatu, nikibadilisha maji kila yalipogeuka rangi ya chai. Hakuna kazi hapo, ni subira tu. Kosa langu lilikuja baadaye: nilivianika siku mbili, nikaona juu pamekauka, nikavipaka silikoni. Ndani vilikuwa bado na maji. Na hata vingekauka, silikoni hushika kioo kwa nguvu sana lakini mti haiushiki hivyo. Mti nao hautulii. Ukilowa unavimba, na kabla haujanywa maji ya kutosha unavutwa kwenda juu mchana na usiku. Utando wa gundi peke yake hauwezi kuzuia mvuto huo.

Aliyenifungua macho ni seremala mmoja wa Chang'ombe ya hapa Dodoma. Nilimwekea vipande mezani.

"Shikamoo fundi. Nataka vishikane, vikae ndani ya maji miaka."

"Marahaba." Akavigeuzageuza. "Mwanangu, gundi inaziba tu. Kinachobeba ni kigingi. Ulishaona kiti kimegandishwa miguu kwa gundi tupu?"

Kisha akafungua kopo lake na kunipa skrubu za njano, zile za bawaba za kabati. Nilizirudisha kwa heshima nikamweleza. Zile ni aina ya shaba, na shaba ikiyeyukia majini, hata kidogo, inaua konokono na kamba, na samaki nao hudhurika. Misumari iliyopakwa zinki nayo niliikataa kwa sababu hiyohiyo, na ya chuma cha kawaida ingeshika kutu na kulegea. Tulitafuta za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, hadi tukazipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilikwenda na sumaku ya spika mbovu: stenlesi nzuri sumaku haiishiki, au huishika kwa mbali sana. Kwenye boliti unaweza pia kuona chapa A2 au A4 kichwani, yaani daraja la stenlesi. Kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, A2 inatosha.

Safari hii nilivianika vipande juu ya bati wiki mbili nzima, kwa upepo wa Agosti wa hapa kwetu, ambao hukausha kila kitu. Fundi alichonga nyuso za maungio zikakaliana bila mwanga kupita, akatoboa kwa drili, akapigilia vigingi vya mti uleule, vikavu kabisa, ili vikilowa vivimbe na kujibana vyenyewe. Kila ungio likapata kigingi kimoja na skrubu moja, kichwa cha skrubu kimezamishwa ndani ya mti.

Mwanya uliobaki niliujaza kwa supaglu nzito isiyochuruzika, na unga wa mbao uliotoka kwenye drili, hivyo kiraka kikawa na rangi ya mti. Supaglu ikishakauka kabisa haina madhara kwa samaki. Ila hugandishwa na unyevu wa hewa, na Dodoma kiangazi unyevu ni haba: ile ya kwanza ilikaa mbichi muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mpaka nikapitisha kitambaa chenye unyevunyevu karibu yake. Watu wengine hutumia pamba badala ya unga wa mbao. Inafaa, lakini tahadhari: supaglu ikilowa kwenye pamba huchemka ghafla na kutoa moshi, na inaunguza ngozi. Usivae glavu za pamba, usiwe na mtoto karibu, na fungua madirisha.

Mwisho tulikifunga kitako cha shina juu ya kipande cha tailizi kilichobaki jikoni, skrubu mbili zikipita kutoka chini kwenda juu. Chini ya tailizi niliweka vitone vya silikoni safi isiyo na dawa ya ukungu, vikakauka siku mbili, ili chuma kisiguse kioo. Juu yake nikamwaga changarawe. Uzito wa changarawe ndio unaolizuia shina lisiibuke.

Kabla ya kuliingiza nililizamisha kwenye pipa siku kumi, nikalivuta na kulikunja kila asubuhi. Halikulegea. Ndani ya tangi, wiki ya kwanza, utando mweupe kama kamasi ulitokea kwenye maungio; haudhuru, na gapi, samaki wangu wadogo, waliula wakaumaliza. Sasa ni mwezi wa saba tangu niliingize tangini. Kila Jumamosi nikibadilisha maji nalishika tawi la juu nalitikisa taratibu, na mwanangu anasimama pembeni akihesabu samaki wanaotoka chini ya mizizi.