Huyu Ni Nani? Nilivyowapata Walengwa wa Video Yetu ya Muziki

Mwalimu aliturudishia pendekezo letu la video ya muziki likiwa na duara moja tu la kalamu nyekundu. Duara hilo lilizunguka mstari nilioandika mimi: "Walengwa: vijana wa miaka 15 hadi 25, wa kike na wa kiume, wanaopenda muziki." Pembeni aliandika maneno matatu: "Huyu ni nani?"

Kundi letu lilikuwa na watu wanne. Mmoja alichukua kamera, mmoja uhariri, mmoja mavazi na lokesheni, nami nikabakiwa na walengwa. Nilikuwa nimeichukulia kama kazi ya kujaza fomu ili wenzangu waanze kushuti. Wimbo tulikuwa nao tayari: mwanafunzi mwenzetu aliutunga, akaurekodi kwa gitaa na sauti yake tu, akatupa ruhusa kwa maandishi. Unahusu mtu anayeondoka alfajiri na begi lake, na anayebaki anaahidi kuacha taa ikiwaka. Sote wanne tuliusikia kama wimbo wa mapenzi. Tulishachora picha za matukio: wapenzi wawili, machweo, mikono inayoachana.

Nililitazama lile duara jioni nzima. Kijana wa miaka 15 anaishi chini ya sheria za wazazi. Wa miaka 25 huenda ana kazi na mtoto. Nilikuwa nimewaweka watu hao wawili kwenye kapu moja kwa sababu tu umri wao ulinipa namba mbili za kuandika. Na "wanaopenda muziki" haimwachi mtu nje. Nilijaribu kuutumia mstari ule kufanya uamuzi mmoja mdogo, kwamba tushuti mchana au usiku, nikaona hauna jibu lolote. Hapo ndipo nilipoelewa mwalimu alikuwa anauliza nini.

Nilianza na vitabu vya darasani. Kuna mgawanyo wa Uingereza ambao watu wa matangazo wameutumia kwa miaka mingi, wenye makundi A, B, C1, C2, D na E, unaopanga watu kwa kazi ya mwenye kipato kikubwa zaidi nyumbani. Kwa mtu anayeuza gari unafaa. Kwangu uliniambia kazi ya baba au mama wa mtazamaji, basi. Kilichonisaidia kilikuwa kazi ya watafiti Denis McQuail, Jay Blumler na Joseph Brown ya mwaka 1972, waliopanga mambo manne ambayo watu huyatafuta kwenye vyombo vya habari: kupumzisha mawazo, kujisikia karibu na watu, kujitambua, na kujua kinachoendelea duniani. Nikaacha kuuliza mtazamaji ana miaka mingapi, nikaanza kuuliza anauhitaji wimbo huu kwa ajili ya nini.

Kosa langu lililofuata lilikuwa hojaji. Niliandika maswali 14 na kuyatupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Majibu yalikuja haraka, yakanifurahisha, na hayakuwa na kazi. Nilikuwa nimeuliza mambo kama "Je, unapenda video yenye hadithi nzuri?" Nani atajibu hapana? Waliojibu walikuwa rafiki zetu, wenye umri wetu, wanaotutakia mema. Nilipouliza wangependa kuona nini, walinitajia vitu walivyokwisha kuviona kwenye video nyingine: magari, taa za rangi, watu wakicheza. Msomaji, ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu la utafiti, usilitumie kwenye hojaji ya namna hiyo.

Nikabadilisha njia. Nilichukua simu yenye wimbo, spika za masikioni na daftari, nikawafuata watu mmojammoja. Sikuwaonyesha picha wala kuwaambia wimbo unahusu nini. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha nikawauliza maswali matatu: Anayeimba anamwimbia nani? Ulipokuwa unasikiliza, ulimkumbuka nani? Na kama ungeutuma wimbo huu leo, ungemtumia nani?

Watu 19 walinisikilizia, wa umri mbalimbali, na nilihakikisha zaidi ya nusu hawanifahamu. Watano tu walitaja mpenzi. Wanane walitaja kaka au dada. Wanne walitaja mzazi au mtoto, na wawili hawakumkumbuka mtu yeyote. Msichana mmoja wa miaka 16 alikaa kimya muda mrefu, spika bado ziko masikioni, kisha akasema: "Dada yangu. Alipoenda chuo kitanda chake kilibaki kimetandikwa vilevile." Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nilirudi kwa wenzangu nikiwa na hakika kwamba michoro yetu yote ya machweo ilikuwa ya wimbo mwingine.

Swali la tatu ndilo lililozaa zaidi. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu anachokipenda bila hata kujijua, ila ukimuuliza atamtumia nani, anakupa mtu halisi na sababu halisi. Wale waliotaja ndugu waliongeza bila kuulizwa kwamba wao si watu wa kusema mambo hayo kwa mdomo.

Kikwazo kilikuwa mtunzi mwenyewe. Alisema wazi kwamba aliandika kwa mpenzi wake, na sikuwa na haki ya kumwambia amekosea kuhusu wimbo wake. Darasani tulikuwa tumesoma hoja ya msomi Stuart Hall ya mwaka 1973, kwamba anayetuma ujumbe huweka maana moja na anayepokea anaweza kutoka na nyingine, na kwenye daftari langu jambo hilo lilikuwa limetokea mbele ya macho yangu. Nilimsomea majibu bila kutaja majina. Nilipofika kwenye kitanda kilichotandikwa, aliomba nirudie. Akakubali, kwa sharti moja: tusiguse neno hata moja la mashairi. Hatukugusa.

Sasa niliweza kuandika walengwa upya. Niliandika kuhusu mtu mmoja: ana miaka 14 hadi 17, ndiye aliyebaki nyumbani baada ya kaka au dada mkubwa kuondoka, chumba walichokuwa wanalala wawili sasa ni chake peke yake, anasikiliza muziki usiku akiwa kitandani, simu kaishika wima, na anamtumia ndugu yake wimbo pale maneno yanapomshinda. Walengwa wa pili walikuwa wazazi wa nyumba hiyohiyo. Kuna miongozo inayotaka umpe mtu huyo jina, picha na rangi anayoipenda. Tulijaribu, tukajikuta tunapamba sanamu. Nikaweka kanuni: kila jambo lililo kwenye karatasi lazima niweze kuonyesha limetoka kwa mtu gani daftarini. Mengi yalifutwa, na yaliyobaki tuliyaamini.

Kuanzia hapo karatasi ile ilianza kufanya maamuzi. Hadithi ilihamia kwa anayebaki. Anayeondoka tulimwonyesha mgongo na mikono tu, usoni kamwe, ili kila mtazamaji amweke wake. Lokesheni ikawa chumba chenye vitanda viwili. Andrew Goodwin, katika uchambuzi wake wa mwaka 1992, alieleza jinsi video za muziki zinavyotakiwa kuwa na picha za karibu za msanii. Sisi pia tulimhitaji mtunzi aonekane, basi tukamkalisha kwenye kile kitanda kitupu, anaimba karibu na kamera, na mhusika wetu anapita bila kumwona. Picha hiyo naipenda kuliko zote tulizopiga.

Mhariri wetu alikuwa amezoea mikato ya haraka, na rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivyo. Lakini mtu aliyelala akisikiliza usiku hahitaji kuamshwa. Tulipunguza mikato zaidi ya nusu kwenye beti, tukaongeza mwendo mara moja tu, pale gitaa linapopanda kabla ya korasi ya mwisho. Tulishuti kwa mlalo wa 16:9, ila kila kitu muhimu tulikiweka katikati ya fremu ili baadaye tuweze kukata toleo la wima la 9:16. Jambo hilo lazima liamuliwe kabla ya kushuti. Ukilikumbuka kwenye uhariri, utakata vichwa vya watu. Tuliongeza mwanga pia kwenye picha za chumbani, kwa sababu giza lililopendeza kwenye skrini kubwa liligeuka doa jeusi kwenye simu. Na kwa kuwa tulilenga watoto wa chini ya miaka 18, tuliondoa tukio la sigara dirishani. Mwigizaji wetu naye alikuwa na miaka 15, hivyo kabla ya kamera kuwashwa tulipata saini ya mzazi wake.

Tuligombana mara moja. Mwenzetu wa mavazi alikuwa ameandaa tukio la watu wakicheza, na alikuwa ameliandaa vizuri. Alisema bila hilo tutawapoteza watazamaji wengi, na alikuwa sahihi. Ukichagua watu wa kuwahutubia, wengine unawaacha waende, na inauma unapokuwa umeshona nguo zao. Tulisoma karatasi kwa sauti, tukajiuliza kama yule wa kitandani angemtumia dada yake video yenye tukio hilo. Mwenzetu wa mavazi mwenyewe ndiye aliyesema hapana.

Rasimu tuliwaonyesha watu tisa: sita wanaofanana na karatasi yetu na watatu wasiofanana nayo. Nilikaa pembeni nikiangalia nyuso zao, si skrini, na kuandika kila sekunde ambayo macho yalihama. Kulikuwa na tukio ambapo dada anapiga simu nyumbani na mdogo wake anatabasamu. Tuliliona tamu. Wale watatu wasiolengwa walilipenda. Kati ya wale sita, wanne waliangalia chini, na kijana mmoja alisema: "Huwa hapigi. Ndiyo shida yenyewe." Tulilikata siku hiyohiyo, tukaweka mhusika anaandika ujumbe, anaufuta, anaandika tena, anaufuta. Kama tungewasikiliza wote tisa kwa uzito sawa, tukio la simu lingebaki.

Tulirekebisha pia mwanzo. Tulikuwa tumeweka sekunde 12 za majina yetu juu ya kiza, na hata watu waliokaa mbele yangu kwa kuombwa walianza kugusa simu zao hapo. Majina yalihamia mwishoni, picha ya kwanza ikawa mkono unaofunga zipu ya begi.

Baba mmoja wa makamo, mmoja wa wale watatu, alituambia video ni ya polepole mno kwake. Tulimshukuru, tukaandika maoni yake kwenye ripoti, na hatukubadilisha chochote.

Yule msichana wa miaka 16 aliiona ilipokamilika, kwenye simu yangu. Ilipoisha aliniomba toleo la wima, kwa sababu alitaka kulituma usiku uleule.