G nne zilizoniponza

Wiki tatu hapa Kisumu nilishangilia bure. Nalea seli za Raji, zilizotokana na uvimbe wa Burkitt (saratani ya limfu) wa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, na nilitaka kuizima jeni ya MYC, inayosukuma seli zigawanyike. Ugonjwa huu tunaujua sana huku kanda ya ziwa: jeni hiyo huhama kromosomu ya 8, mara nyingi ikatua kwenye ya 14, na hapo haizimiki tena.

Nilitumia antisensi: kipande kifupi cha DNA kinachojibandika kwenye RNA, yaani nakala ya jeni, kisha kimeng'enya cha RNase H kinaikata RNA hiyo. Seli zangu zikaacha kugawanyika. Safi! Ila kwenye kisahani cha ulinganisho, chenye kipande cha herufi zilezile za DNA (A, C, G na T) zilizochanganywa ovyo ili kisiiguse MYC, nako zilinywea vilevile.

Nikalaumu dawa ya kupitishia vipande ndani ya seli, nikalaumu hata stima. Mwisho mwenzangu akaweka kidole kwenye karatasi: "Dada, hizi G nne mfululizo hukuziona?" Zilikuwamo katika vipande vyote viwili. G nne zikifuatana hushikana na za vipande vingine, zikafanya fundo linalonasa protini na kudumaza seli bila hata kuigusa RNA ya MYC.

Nikachagua sehemu nyingine ya RNA, nikatengeneza ulinganisho mpya usio na mfululizo huo, na safari hii nikapima RNA na protini kabla ya kuhesabu seli. MYC ilishuka kwenye antisensi peke yake. Kwenye ulinganisho seli zilijaa hadi maji ya chakula yakageuka manjano.