Swali kuhusu wajomba

Mwanangu alikuwa na miezi 14, na hii ilikuwa nimonia yake ya tatu. Sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu Idi. Foronya nikifua kila siku na bado inanuka. VVU tulishapimwa mara nne, yeye na mimi, majibu hasi, lakini kila muuguzi mgeni alituangalia kwa jicho lile lile.

Daktari wa zamu usiku ule alikuwa kijana. Hakukimbilia kuandika antibiotiki ya seftriaksoni kama wenzake. Alimulika koo la mtoto kwa tochi ya simu, akachelewa hapo, kisha akampapasa shingoni, kwapani na kwenye kinena.

"Mama, huyu hana mafindofindo. Wala tezi sizioni."

Nilidhani ni habari njema. Mafindofindo si ndiyo yanayotesa watoto?

"Upande wako, wajomba zake wako wangapi?"

Nilisema sina kaka. Mama yangu, aliyekuwa amekaa sakafuni juu ya khanga, akasema, "Walikuwa wawili."

Sikuwahi kusikia habari zao. Walinitangulia kuzaliwa, na wote walikufa kwa kifua kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Daktari akachana boksi la glavu akatuchorea. Jeni iitwayo BTK ikiharibika, seli B, chembe zinazojaza mafindofindo na tezi, hazikomai, na mwili hautengenezi kingamwili, askari wake dhidi ya vijidudu. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X: mwanamke anazo mbili, ile nzima inamlinda, mvulana anayo moja tu. Miezi ya mwanzo mtoto huishi kwa kingamwili alizopata kwa mama yake akiwa tumboni. Zikishapungua, karibu miezi 6, vijidudu havina wa kuvizuia. Nikakumbuka mwanangu alivyokuwa kibonge mpaka alipoanza kukaa.

Vipimo vya damu vilivyofuata vilimpa haki kijana yule. Sasa kila wiki nne mwanangu hutundikiwa dripu ya immunoglobulini, kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya maelfu ya watu tusiowajua. Ni ghali mno, na atahitaji maisha yake yote.

Lakini usiku ule mama hakuuliza dawa. Aliutazama mchoro muda mrefu.

"Kwa hiyo, daktari, sikuwabemenda?"

Ndivyo alivyoambiwa na wakwe zake, msiba wa kwanza na wa pili.

"Hapana, bibi. Hukuwabemenda."

Mama akajifunika uso kwa khanga, akawataja: Hamisi, na Juma.